Kuchora ndege wa maji wanaohamia Pwani na kuhakikisha hela yafika kwao: mwongozo kamili kutoka Mombasa

Picha za ndege ziko kila mahali hapa Mombasa, kwenye kuta za hoteli, vibanda vya Mji wa Kale, mpaka kwenye tishati, na nyingi utakuta ni ndege tu kasimama katikati ya karatasi, nyuma yake hakuna kitu. Nawaambia mapema ili mjue mwongozo huu waelekea wapi: kama wataka picha yako imsaidie ndege anayekuja kutoka mbali, mchore na matope yake. Matope ya Tudor, ya Mtwapa, ya Mida (hori za bahari za huku Pwani), yale ambayo watu wengi wayaona ni uchafu unaonuka maji yakipwa, hayo ndo jiko la hawa ndege, na hayo ndo yanayotupwa taka na kukatwa mikoko yake. Mtu akinunua picha yenye ndege peke yake amenunua urembo, lakini akinunua picha yenye ndege, kaa, mizizi ya mchu (aina ya mkoko) na maji yanayorudi, hapo amejua kitu gani chahitaji kulindwa na hela yake yaenda kulinda nini.

Jua nani yuko, na mwezi gani

Hawa ndege waanza kuingia pwani yetu mwezi wa 8, kusi bado yavuma, wazidi mwezi wa 9 na wa 10, wakaa kaskazi yote, halafu mwezi wa 4 ukiisha wengi washaondoka. Huu mpango wa miezi lazima uwe kichwani kabla hujashika brashi manake ndege hubadilika rangi. Mfano kuna kitwitwi mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kidogo, jina lake la kisayansi Calidris ferruginea, huyu azaliwa tundra ya Siberia, nyika ya baridi isiyo na miti kule juu karibu na bahari ya barafu, na akiwa hapa kwetu mwezi wa 12 ni kijivu mgongoni na mweupe tumboni, lakini ukimrudia mwezi wa 4 kabla hajaondoka utakuta kidari na tumbo vyageuka rangi ya matofali. Ndege ni yuleyule! Sasa ukimchora mwekundu halafu ukaandika Desemba, mtu anayejua ndege ataona hapo hapo, na huyo ndo mara nyingi mnunuzi wako, au ndo mtu wa shirika unalotaka kulisaidia.

Wengine wa kuwajua mapema: sululu, mkubwa wa kahawia mwenye mistari kichwani na mdomo uliopinda chini, yeye apenda sana kaa wadogo wa kwenye mikoko. Yule mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu mifupi ya njano iliyoiva, Xenus cinereus, huyo hatulii, akimbia huku na huku ameinama, atoka Urusi kwenye mito ya misitu ya kaskazini. Na kuna mla kaa, Dromas ardeola, mweusi na mweupe, mdomo mnene mweusi, miguu mirefu ya kijivu kinachoelekea buluu. Mimi huyu ndo nampenda kupita wote. Azalia pwani za mchanga za upande wa Uarabuni na Somalia, achimba shimo refu mchangani ataga yai moja jeupe humo ndani, hakuna ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi afanyaye hivyo, kisha aja kwetu, na Mida ni mojawapo ya mahali pazuri sana pa kumuona.

Bata je? Tusidanganyane, kwenye matope ya Mombasa mjini utapata zaidi vitwitwi, sululu, yangeyange, korongo na buabua. Bata wanaohamia kutoka Ulaya na Asia watafute mdomo wa mto Sabaki pale kaskazini ya Malindi, au delta ya Tana ambayo tangu 2012 iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, au panda bara mpaka Naivasha na Nakuru. Na bata nao wana mtego wao kwa mchoraji. Dume wa Spatula querquedula, yule mdogo mwenye mstari mweupe mpana juu ya jicho mpaka shingoni, akifika kwetu afanana na jike, mstari wake waanza kutoka vizuri mwaka mpya ukishaingia. Kwa hivyo dume amependeza kikamilifu kwenye picha ya Oktoba, hiyo picha si ya Afrika.

Nguuni kule Bamburi kuna mabwawa, ni pazuri kuzoeza mkono kabla hujasafiri.

Soma maji kwanza

Watu wengi watoka nyumbani na rangi zao asubuhi mapema wakidhani ndege ni wa asubuhi, wafika wakuta maji yamejaa mpaka kwenye mikoko na hakuna ndege hata mmoja. Ndege wa matope hafuati saa, afuata maji. Mwezi mpya na mwezi mpevu ni bamvua, maji hupwa mbali sana na kujaa sana, tofauti yake hapa kwetu yaweza kupita mita 3. Siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, halafu kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wiki ya maji mafu mambo ni kinyume na tofauti ni ndogo. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji la Kilindini, lipate, lakini bado muulize mvuvi, "Salaam aleikum mzee wangu, leo maji yanaanza kurudi saa ngapi?", yeye atakwambia na saa na upepo na pengine mahali ndege wamelala jana.

Wakati mzuri wa kuchora si maji yakiwa yamekupwa kabisa, hapo ndege wametawanyika mbali huko waonekana vidoti tu. Nenda maji yakianza kurudi, masaa mawili matatu kabla ya kujaa, manake maji huwasukuma ndege waje karibu na ukingo, wala haraka haraka, kisha wakusanyika mahali pamoja kupumzika. Kwa siku ya bamvua hiyo ni kuanzia saa saba mchana hivi. Jua ni kali, najua, beba maji ya kunywa na kofia pana. Kaa jua likiwa mgongoni kwako, ukikaa unaangalia jua ndege wote watakuwa vivuli vyeusi na rangi yoyote utakayoweka umeibuni.

Wapi pa kukaa

Kwa anayeanza nasema Mida. Panda matatu ya Malindi, ni chini kidogo ya kilomita 100 kutoka Mombasa, shuka Mida kabla ya kufika Gede, ulizia daraja la mbao la kwenye mikoko. Daraja hilo lapita juu ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kuangalia ndege, unakaa kivulini hukanyagi matope. Kiingilio chake chaenda kwenye karo za wanafunzi wa sekondari wa jirani na Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, mpango ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Kumbuka huo mpango, tutaurudia kwenye hela.

Hapa mjini, Tudor upande wa Mikindani kuna matope na mikoko kweli, lakini usiende peke yako na simu na darubini shingoni, ongea kwanza na watu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) wa pale, nenda na mwenyeji, mlipe siku yake. Ukitaka Sabaki panga siku nzima, na viatu usivyojali vikiharibika.

Sasa jambo ambalo silifanyii mchezo: usiwasumbue. Mwezi wa 3 na wa 4 hawa ndege wanenepa kwa ajili ya safari, baadhi ya vitwitwi hukaribia kuongeza uzito mara mbili, hayo mafuta ndo petroli ya kuwafikisha Siberia, na kila ukiwarusha wanachoma walichokula. Alama ni vichwa. Wakiwa wala, vichwa viko chini. Kundi zima likinyanyua vichwa na kunyamaza, wewe umeshakaribia kupita kiasi, simama, rudi nyuma taratibu, kaa chini. Usiwafukuze waruke ili upate picha ya mbawa. Drone usiilete kabisa, mbali na kwamba yahitaji kibali cha serikali, ndege waiona ni mwewe.

Vya kubeba

Si vingi. Darubini ya 8x42 yatosha, kuazima si aibu. Daftari la michoro la jalada gumu, penseli 2B na 4B, sanduku dogo la rangi za maji, brashi mbili, chupa ya maji, tepu ya karatasi ya kuzuia kurasa zisipigwe na upepo. Kigoda kidogo. Karatasi ya picha ya mwisho ya gramu 300 iache nyumbani, na huko nyumbani ifunge kwenye mfuko wa plastiki uliobana vizuri na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, manake joto na unyevu wa Mombasa huleta kuvu kwenye karatasi kimya kimya, unaona madoa ukishapaka rangi.

Kuchora pale pale

Dakika za kwanza usichore. Tazama tu. Kila ndege ana mwendo wake na mwendo ndo humtambulisha hata kabla ya rangi: mmoja akimbia, asimama ghafla, adonoa, akimbia tena, mwingine ashona matope kwa mdomo bila kuinua kichwa, sululu atembea polepole kisha aingiza mdomo wote kwenye shimo la kaa. Ukishaona mwendo, chora umbo la yai kwa mwili, mstari mmoja kuonyesha mwili umelala vipi, mviringo wa kichwa, kisha mdomo. Pima mdomo kwa kichwa. Hapo ndo wengi huharibu, mdomo ukiwa mrefu kidogo au mfupi kidogo umeshamgeuza ndege kuwa mwingine, kwa hivyo jiulize kichwa kutoka jicho mpaka kisogo chaingia mara ngapi kwenye mdomo huu, andika namba pembeni.

Miguu: ile inayoonekana kama goti linalokunja kinyume ni kifundo, goti lenyewe limefichwa kwenye manyoya ya tumbo. Ukilijua hilo miguu yako itaacha kuonekana imevunjika. Na nyayo ziwe chini ya uzito wa mwili, chukua penseli uishushe wima kutoka katikati ya mwili uone yatua wapi, ikitua mbele ya nyayo ndege wako ataanguka kifudifudi.

Chora wengi wadogo kwenye ukurasa mmoja, ndege akigeuka anza mwingine, akirudi kwenye mkao wa kwanza nawe urudi kwenye mchoro wa kwanza. Usifute. Pembeni andika maneno: mahali, tarehe, saa, maji yajaa au yapwa, upepo, rangi ya miguu, kitu alichokuwa akila. Haya maandishi yatakuwa na thamani kuliko picha ya simu, na picha ya simu pia piga, ila ya kwako mwenyewe. Kuchukua picha ya mtu kwenye intaneti ukaichora na kuiuza bila ruhusa ni wizi, hata kama mauzo ni ya kusaidia ndege.

Kabla hujaondoka chora matope peke yake, ukurasa mzima. Mkoko una mizizi inayotoka kwenye shina na kuinama mpaka chini, mchu una mizizi midogo inayochomoza wima kutoka kwenye tope, mlilana husimama mbele kabisa upande wa maji. Ukichanganya hiyo mtu wa Pwani atajua hukwenda.

Rangi

Tope si la kahawia! Tope lililolowa ni kioo, huchukua rangi ya mbingu, kwa hivyo anza na mbingu, ile rangi uliyoweka juu ishushe chini ikiwa nyepesi zaidi, halafu ikikauka weka vipande vya tope pale palipokauka. Kijivu chake changanya altramarini (buluu) na siena ya kuchomwa (kahawia nyekundu), ukizidisha ya kwanza wapata kijivu baridi cha kivuli, ukizidisha ya pili wapata tope lenye jua. Nyeusi ya tyubu weka mbali, hata ule weusi wa mla kaa utoke kwenye mchanganyiko huo huo ukiwa mzito.

Weupe wake sasa. Ukitumia rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, usiiguse pale jua lapiga. Lakini tumbo la ndege mweupe aliyesimama juu ya tope lenye jua halibaki jeupe, lapata joto la tope kutoka chini, njano ya udongo kidogo sana, na ubavu wa kivulini wapata ubuluu wa mbingu. Hivyo viwili vikikaa sawa ndege anasimama mahali, hajabandikwa. Kwa akriliki mambo ni marahisi kidogo kwa hewa yetu, lakini kaskazi ikivuma rangi hukauka kwenye sahani kabla hujaichota, nyunyiza maji mara kwa mara. Rangi za maji nazo msimu wa mvua hazikauki, feni husaidia, iwe mbali.

Manyoya usihesabu moja moja. Panga makundi: mgongo, bega, manyoya ya kufunika bawa, ya kurukia, mkia. Maelezo makali yaweke kwenye jicho, mdomo na bega, kwingine acha yapotee. Na kwenye picha nzima ndege asizidi theluthi moja, hii ni sheria yangu mwenyewe, nafasi iliyobaki ni ya kaa, mizizi, maji, na kama mahali hapo pana mfuko wa plastiki au kisiki cha mkoko uliokatwa, kiweke pia. Wapo watakaokwambia hakiuziki. Kiweke kidogo, kiwe mahali pake, lakini kiweke.

Chini ya picha andika kwa penseli ndege, mahali, mwezi na mwaka, na hali ya maji.

Printi na hela

Mchoro halisi ni mmoja, kwa hivyo hela ya kusaidia hutoka zaidi kwenye printi. Skani kwa 300 dpi kwa saizi utakayochapa, ikague rangi mchana si chini ya taa, chapa moja ya majaribio kwanza. Toa idadi maalum, zipe namba kwa penseli na sahihi, na ukisema 50 ziwe 50.

Kisha mgao. Hapa ndo nataka msome pole pole. Wamarekani wana stempu ya bata tangu 1934, ya kwanza ilichorwa na Jay Norwood Darling, mchora katuni, mwindaji wa bata ni lazima ainunue, na siku hizi ni dola 25. Katika kila dola, senti 98 zaenda kununua na kulinda ardhi oevu. Tangu 1949 picha yake hupatikana kwa mashindano ya wazi ya wachoraji, na stempu hiyo imeshaleta zaidi ya dola bilioni 1. Nguvu yake mimi naiona iko hapa: mnunuzi ajua kabla ya kulipa ni kiasi gani chaenda wapi. Peter Scott wa Uingereza naye alikuwa mchoraji wa bata na mabata bukini, akaanzisha hifadhi ya Slimbridge mwaka 1946, na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa WWF, shirika la kimataifa la kulinda wanyamapori, mwaka 1961, ile panda ya nembo yao aliichora yeye.

Kwa hivyo asilimia yako iwe ya bei ya kuuzia, si ya faida. Tuseme printi ya A3 yakugharimu shilingi 700, wauza 3,000, mgao ni asilimia 25. Ndege wapata 750, wewe wabaki na 1,550, na mnunuzi aweza kupiga hesabu mwenyewe. Ukisema asilimia 25 ya faida, hiyo ni 575, na hakuna anayejua faida yako ni ngapi ila wewe, hapo ndo maneno huanza. Na usijinyime ukatoa yote, mchoraji asiyekula haendi Mida tena msimu ujao.

Kabla hujataja jina la shirika au kikundi chochote, nenda waone, waandikie, pateni karatasi iliyosainiwa: asilimia ngapi, kwa kazi gani, kila baada ya muda gani, na kama waruhusu jina lao litumike. Nature Kenya wapo, A Rocha Kenya wapo, vikundi vya mikoko vya wenyeji wapo. Ukiniuliza mimi, chagua walio karibu na lile tope ulilolichora. Gazi kule Kwale, kikundi cha Mikoko Pamoja wauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao tangu 2013 na hela yake imeingia kwenye maji na shule za kijiji, kwa hivyo mtu asikwambie wenyeji hawawezi kusimamia hela. Na ule mpango wa karo wa Mida nao ni vivyo hivyo, mzazi ambaye mtoto wake asomeshwa na mikoko atakuwa wa kwanza kumzuia mwenye panga.

Ikiwezekana mgao ulipwe moja kwa moja kwa namba ya M-Pesa ya kikundi, si yako, na risiti uwatumie walionunua kwenye WhatsApp. Siku nzuri za kuuza ni Siku ya Ndege Wahamaji Duniani, Jumamosi ya pili ya mwezi wa 5 na ya mwezi wa 10, hiyo ya Oktoba ndo bora kwetu manake ndege wenyewe wapo, waweza kumuonyesha mtu picha kisha ukampeleka aone.

Lile daftari usilifungie kabatini

Zile tarehe na majina ulizoandika pembeni ya michoro ni kumbukumbu za kweli. Ziingize kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya inayojazwa na watu kama wewe, watumia programu ya BirdLasser ya simu. Ukiona ndege ana pete au kibendera cha rangi mguuni, chora mguu huo: rangi gani, mguu wa kulia au kushoto, juu au chini ya kifundo, herufi kama zasomeka, upeleke Makumbusho ya Taifa, kupitia vibendera hivyo hujulikana ndege huyu alivishwa wapi na amepita wapi. Na Januari kuna hesabu ya ndege wa maji, huwa wahitaji macho ya watu wanaoweza kutofautisha vitwitwi kwa mbali. Mchoraji aliyekaa msimu mzima akipima midomo anaweza, jiandikishe Desemba mapema.